Pesa zimekatwa, barua haijafika: jinsi ya kutafuta chanzo cha kosa la benki au posta

Kosa la benki au la posta huudhi kuliko ukubwa wake. Kiasi chenyewe huenda ni kidogo na barua yenyewe ni moja, lakini wewe ndiye unayepanga foleni, wewe ndiye unayeambiwa usubiri siku saba za kazi, na kila mhudumu mpya anakutaka uanze kusimulia upya kana kwamba hujawahi kufika pale. Hasira hiyo ni halali kabisa. Ubaya wake ni kwamba humfanya mtu aanze kulaumu kabla hajajua anamlaumu nani kwa lipi. Lawama ya jumla nayo hupata jibu la jumla: "mfumo ulikuwa chini", "tunalifanyia kazi".

Muamala, kama kifurushi, hupita mikono mingi. Kosa karibu kila mara hutokea pale mikono inapokabidhiana: mashine ya ATM inapoiarifu benki, benki moja inapoipa nyingine, posta ya nchi moja inapoikabidhi posta ya nchi nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini, uliza wapi. Na kila makabidhiano yana namba yake. Ukiwa na namba hiyo mkononi, mhudumu analazimika kuangalia jambo lako badala ya kukusomea maneno ya kawaida.

ATM haikutoa pesa, lakini salio limepungua

Hili ndilo linalowatia watu hofu zaidi, na bahati nzuri ndilo lenye ushahidi mwingi kuliko yote. Ukishaweka kiasi, mashine huomba kibali kwa benki yako. Benki inapunguza salio hapo hapo, kabla noti hata moja haijatoka. Ndipo mashine inapozihesabu noti na kuzisukuma hadi mdomoni. Ikishindwa katikati, kwa sababu noti imekwama, umeme umekatika au laini imekufa, inatakiwa itume ujumbe wa kufuta ule muamala. Ujumbe huo ukipotea njiani, benki yako inabaki ikiamini umeshalipwa.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Noti zilitoka, lakini hukuzichukua kwa wakati, na mashine ikazivuta tena ndani. Noti hizo haziendi kwenye makasha zilikotoka. Zinaangukia sanduku la pembeni na kukaa humo mpaka wahusika wafungue mashine na kuzihesabu.

Katika hali zote mbili mashine huwa imeandika. Kila ATM inatunza jonali yake, yaani kumbukumbu ya kila hatua kwa saa, dakika na sekunde: kadi imeingia, kibali kimetolewa, noti zimehesabiwa, mdomo umefunguka, noti zimechukuliwa au hazikuchukuliwa. Halafu kuna usawazishaji: pesa zilizomo zinapohesabiwa zikawa nyingi kuliko hesabu inavyosema, ile ziada ina mwenyewe. Kwa hiyo usiishie kusema "mashine imenila pesa". Omba kwa maandishi: "Naomba jonali ya mashine namba fulani ya saa fulani iangaliwe, pamoja na matokeo ya usawazishaji wa kipindi hicho."

Pale pale penye mashine, andika namba yake (huwa kwenye kibandiko, kwenye skrini au kwenye risiti), saa kamili, na kiasi ulichoomba. Usijaribu tena kwenye mashine hiyo, maana utazalisha muamala wa pili utakaochanganya uchunguzi wa wa kwanza. Na malalamiko peleka kwa benki iliyokupa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Watu wengi hupoteza siku nzima kwenye tawi lenye mashine, ambako hawawezi hata kuona akaunti yao. Benki yako ndiyo yenye njia rasmi ya kuidai benki ya mashine.

Zikitoka pungufu, utaratibu ni ule ule. Zihesabu mbele ya kamera ya mashine kabla hujaondoka.

Kadi imekatwa mara mbili

Tazama neno lililoandikwa kando ya kila kiasi. Kama moja linasema limekamilika na jingine linasubiri, huenda hujakatwa mara mbili. Malipo ya kadi yana hatua mbili: kwanza kiasi kinazuiliwa, baadaye muuzaji anawasilisha dai na ndipo pesa zinatoka kweli. Hoteli, wakodishaji wa magari na pampu za mafuta za kujihudumia huzuia kiasi cha kukisia kabla bei halisi haijajulikana, na kile kizuizi kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya malipo halisi kupita. Mpigie muuzaji umwombe akiondoe. Benki peke yake mara nyingi husubiri kiishe muda.

Miamala yote miwili ikiwa imekamilika, linganisha namba za kibali. Namba zikitofautiana, kadi iliombwa mara mbili, kwa kawaida kwa sababu mashine ya muuzaji ilisema imeshindwa naye akarudia. Namba ikiwa moja, dai limewasilishwa mara mbili. Ukiitaja tofauti hiyo unapopiga simu, utapelekwa moja kwa moja kwa mtu anayehusika.

Umetuma, mpokeaji anasema hajapata

Sababu nyepesi zaidi ni saa. Kila benki ina muda wa mwisho wa kupokea maagizo ya siku. Ukituma baada ya hapo, au siku ya mapumziko upande wowote ule, muamala unahesabiwa wa siku ya kazi inayofuata. Hakikisha hili kwanza ili usianzishe vita isiyo na adui.

Ya pili ni namba ya akaunti. Namba za IBAN, yaani namba za akaunti za muundo wa kimataifa, zina kinga: tarakimu mbili zinazofuata herufi mbili za nchi mwanzoni hutokana na hesabu ya kugawanya kwa 97, na ukikosea tarakimu moja mfumo mzuri utaikataa papo hapo. Namba za kadi nazo zina kinga ya namna hiyo, kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950. Lakini kinga hizi zinachungulia umbo la namba tu. Hazijui kama akaunti ni ya shangazi yako au ya mtu usiyemfahamu. Ukinakili namba sahihi ya mtu mwingine, itapita bila kelele. Na katika mifumo mingi benki inayopokea huongozwa na namba peke yake. Jina uliloandika halilinganishwi na chochote. Hapo ndipo pesa hufika salama kabisa mahali pasipo pake.

Likitokea hilo, piga simu saa hiyo hiyo na uombe agizo la kurudisha fedha. Benki yako itaiandikia benki ya pili, nayo kwa kawaida itahitaji ridhaa ya mwenye akaunti zilikoingia. Ndiyo maana saa chache za mwanzo zina thamani kubwa: pesa zikishatolewa, kesi inageuka ya madai.

Ya tatu inahusu pesa zinazovuka mipaka. Benki mbili zisizo na uhusiano wa moja kwa moja hupitisha pesa kwa benki nyingine za katikati, moja au zaidi. Muamala unaweza kulala kwenye mojawapo, na ukiuliza upande wa kutuma unaambiwa "kwetu zimetoka", upande wa kupokea unaambiwa "kwetu hazijaingia". Wote wawili wanasema kweli. Kinachovunja mkwamo huu ni namba ya UETR, yenye vibambo 36 pamoja na vistari vyake, ambayo tangu Novemba 2018 ni lazima iwepo kwenye kila agizo la malipo linalopita SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo. Namba hiyo haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Iombe, pamoja na nakala ya agizo lenyewe, linalojulikana kwa benki nyingi kama MT103 hata pale ambapo muundo mpya umeshaanza kutumika. Mpe mpokeaji aipeleke benki yake. Swali linabadilika kutoka "pesa ziko wapi?" kuwa "namba hii imesimama kwa nani?", na la pili lina jibu.

Ya nne haisemwi waziwazi: ukaguzi. Jina la mtumaji, la mpokeaji, hata la mji, likifanana na lililo kwenye orodha ya waliowekewa vikwazo, mashine inausimamisha muamala mpaka binadamu autazame. Mhudumu wa simu mara nyingi haruhusiwi kukuambia. Ukiona majibu yanakwepa na hakuna anayetaja kosa lolote, pelekeni bila kuombwa majina kamili ya pande zote mbili, tarehe za kuzaliwa, anwani, na sababu ya malipo ikiwa na ankara kama ipo. Inakera kutakiwa ujieleze kwa sababu ya jina ulilopewa na wazazi wako, lakini karatasi hizo huharakisha kuliko simu yoyote.

Zikifika pungufu, tazama sehemu ya gharama kwenye agizo. OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote, SHA mnagawana, BEN zote zinakatwa kwa mpokeaji. Uliyechagua SHA huna kesi, isipokuwa benki ilikuchagulia bila kukuuliza, na hilo lidai.

Hesabu kwenye taarifa ya akaunti hazilingani na zako

Chukua tofauti uigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi: 7,310 ikiandikwa 7,130 inaacha tofauti ya 180, ambayo ni 9 mara 20. Sifuri iliyoachwa au kuongezwa hufanya vivyo hivyo. 4,500 ikiandikwa 450, tofauti ni 4,050. Hesabu hii ya kizamani ya wahasibu haithibitishi chochote, ila inakuonyesha pa kutazama: tafuta ingizo lililoandikwa kwa mkono, kama hundi au fomu ya kuweka pesa. Kwenye hundi, kiasi cha maneno kikipingana na cha tarakimu, kanuni ya kawaida ni kwamba maneno ndiyo yanayoshika.

Tofauti isipogawanyika, tafuta makato madogo yaliyojirudia: ada ya mwezi, ada ya ujumbe, bima ambayo hukumbuki kuiomba. Hiyo ya mwisho usiiachie. Omba waonyeshe sahihi yako au rekodi ya ridhaa.

Namba ya kifurushi haionyeshi kitu

Kabla ya kuilaumu posta, hakikisha namba yenyewe. Vifurushi na barua za rejista zinazovuka mipaka hufuata kiwango cha Umoja wa Posta Duniani, uliozaliwa Bern mwaka 1874, na namba yake ina vibambo 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, na unaweza kuikokotoa mwenyewe. Zidisha zile nane za mwanzo, kwa mpangilio, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumlisha, gawanya kwa 11, chukua baki, uiondoe kwenye 11. Ukipata 10 andika 0. Ukipata 11 andika 5.

Tuseme risiti inasomeka RR204618355, kisha herufi za nchi. Tarakimu nane ni 20461835, na jumla inakuwa 16+0+16+12+3+40+27+35, yaani 149. Ukigawanya kwa 11 baki ni 6, na 11 ukitoa 6 ni 5, sawasawa na tarakimu ya tisa. Ingetoka nyingine, ungejua kuna 1 iliyosomwa 7 au 3 iliyosomwa 8 kwenye karatasi iliyofifia. Ni dakika mbili za kalamu.

Namba ikiwa sahihi na ukurasa uko mtupu, huenda muuzaji amechapisha lebo tu bila kukabidhi mzigo. Hapo posta haina habari yoyote na inasema kweli; mdai muuzaji risiti ya kuposti.

Ikionyesha kwamba kimeondoka nchi ya kwanza kisha kimya, usiogope mapema. Vifurushi husafiri vikiwa ndani ya mifuko iliyofungwa, na safari nzima husomwa barkodi ya mfuko. Chako kitasomwa tena mfuko utakapofunguliwa upande wa pili. Kimya cha siku kadhaa ni cha kawaida, na kwa mizigo ya meli ni cha wiki.

Kikikwama forodhani, mara nyingi tatizo ni tamko la mtumaji. Kuandika "zawadi" hakuelezi kilichomo. Zawadi ni sababu ya kutuma. Andika "shati la pamba, 1", thamani na uzito. Marekani na Umoja wa Ulaya siku hizi zinataka taarifa hizo zitumwe kielektroniki kabla mzigo haujafika, na fomu iliyoandikwa kwa mkono bila kuingizwa kwenye mfumo inaweza kuurudisha mzigo ulikotoka.

"Kimefikishwa", na wewe huna kitu

Usikubali jibu la "mfumo unaonyesha ulipokea". Omba mambo matatu: saa, sahihi au jina la aliyepokea, na mahali barkodi iliposomwa kama kifaa cha mpeleka barua kinarekodi mahali. Kuna kosa la kawaida la msambazaji kusoma vifurushi vyote kama vimefika mwanzoni mwa zamu ili awahi, halafu kimoja kikabaki garini. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza majirani na ofisi ya mapokezi, kesho yake ndipo upeleke dai.

Barua inarudi kwako au inazunguka

Mashine ya kuchambua barua husoma anwani na kuchapisha alama za mistari kwenye bahasha, nyingine za rangi hafifu usizozitambua kirahisi. Kuanzia hapo mashine zinazofuata husoma ile alama, hazisomi tena mwandiko wako. Alama ikiwa ya mahali pasipo pake, barua itapelekwa huko huko kila mara, hata ukiiandika upya kwa herufi kubwa na kuirudisha posta. Ndiyo siri ya ile barua inayorudi mara ya pili na ya tatu hadi mtu anaapa kwamba posta inamfanyia makusudi. Dawa yake ni kufuta kabisa mistari iliyochapishwa, au kubadilisha bahasha.

Sababu nyingine ni anwani ya mtumaji kuandikwa chini ya anwani ya mpokeaji. Mashine nyingi huuchukua mstari wa chini kuwa ndiko barua inakokwenda. Iandike juu kushoto au nyuma, ndogo kuliko ya mpokeaji.

Ukiletewa barua ya mtu mwingine usiifungue. Andika "hayupo kwenye anwani hii", futa ile mistari, uirudishe.

Benki inaendelea kutuma kwenye anwani ya zamani

Hapa taasisi zote mbili hukutana, na kila moja humrushia mwenzake. Chanzo karibu kila mara kiko benki: anwani yako haikai mahali pamoja. Akaunti ina yake, kadi ina yake, mkopo una yake, na karani aliyebadilisha moja hakugusa zilizobaki. Omba orodha ya huduma zako zote na anwani iliyoandikwa kwenye kila moja. Fanya hivyo kabla ya kuomba kadi mpya. Pia uliza kama kuna alama ya "barua zimerudi" kwenye jalada lako, maana benki nyingi zikirudishiwa barua huacha kutuma chochote, na wewe unabaki ukidhani posta imelala.

Kuandika dai

Simu ni ya kupata namba ya kesi tu. Dai liwe ukurasa mmoja: tarehe na saa, kiasi au namba ya kifurushi, namba ya kumbukumbu, kilichotokea kwa sentensi mbili, na unachotaka kifanyike kabla ya tarehe gani. Machungu yako yana haki ya kusikika, lakini yaweke mwishoni, baada ya ombi.

Kwa posta ya kimataifa, ulizo kuhusu kifurushi au barua ya rejista hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kuposti, na fidia ni ya mtumaji, ambaye anaweza kumwachia mpokeaji haki hiyo kwa maandishi. Ukiwa mpokeaji, mbane mtumaji afungue dai upande wake mapema. Barua ya kawaida isiyo na rejista haina ufuatiliaji wala fidia, kwa hiyo hati usiyoweza kuipata tena usiitume hivyo.

Ukiwa katikati ya haya yote, jihadhari na anayekupigia akisema anakusaidia kurekebisha lile kosa. Hakuna marekebisho yanayohitaji namba yako ya siri wala tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako, na ujumbe wa "lipa ada ndogo kifurushi kiachiwe" uhakiki kupitia ukurasa rasmi wa posta unaoujua, kamwe usibonyeze kiungo. Ukikuta pesa zisizo zako kwenye akaunti, usizitumie, na usimrudishie wewe mwenyewe mtu aliyekupigia. Iarifu benki kwa maandishi, izirudishe yenyewe kwa njia ile ile zilikopitia.

Wakikataa dai, usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua ya uamuzi wa mwisho ikitaja sababu, kwa kuwa msimamizi wa mabenki au wa huduma za posta kwa kawaida atakuuliza kwanza kama ulimaliza ngazi za taasisi yenyewe. Wakichelewa kuitoa, ambatanisha namba ya kesi na nakala ya ombi lako lenye muhuri wa siku lilipopokelewa.